Mlembe: ndege wa porini anayeitika wito wa binadamu na kumpeleka kwenye asali

Mpitanjia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, ila naamini hutajuta kuusoma.

Wanyama karibu wote tunaowajua kwamba wanamsikiliza binadamu ni wa kufugwa. Mbwa wa kuwindia, ng'ombe anayeitika mluzi wa mchungaji, njiwa wa barua: wamezaliwa mikononi mwa watu, wamelishwa, wamefundishwa. Sasa yupo ndege mmoja ambaye hana mwenyewe, hajawahi kuwekwa kwenye tundu, hakuna aliyemfundisha, lakini anamtafuta mtu porini, anamwita, anamwongoza mti kwa mti hadi walipo nyuki, kisha anakaa pembeni kusubiri fungu lake. Na yupo hapa hapa kwetu.

Anaitwa mlembe, wengi wanamwita tu ndege wa asali. Jina lake la kisayansi ni Indicator indicator. Kwa kumtazama hana makuu: kijivu na kahawia, uzito wa gramu 50 hivi. Anaishi kwenye nyika na misitu ya wazi katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Chakula chake ndicho kinachoeleza mambo mengine yote. Anakula nta, pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Ndege wanaoweza kumeng'enya nta ni wachache sana duniani, na huyu ni mmoja wao. Tatizo ni kwamba nyuki wetu ni wakali, wanaweza kumuua, na masega mara nyingi yamo ndani ya shina la mti au ufa wa mwamba ambao ndege hapiti. Mlembe anajua nyuki walipo kwa sababu huzunguka kukagua, ila hana shoka wala moshi. Mtu ana shoka na moshi, ila hajui nyuki walipo. Kila mmoja ana nusu ya kazi.

Akikuona porini anakuja karibu na kupiga kelele za haraka haraka, kama kiberiti kinachotikiswa. Anaruka hadi mti wa mbele, anatua, anaendelea kukupigia kelele, anaonyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia. Ukimfuata anasogea tena. Ukisimama, anarudi kukufuata.

Yaliyopimwa na watafiti nayaleta kwenye chapisho linalofuata.

---

Mpitanjia

Tuendelee. Habari za ndege huyu ziliandikwa zamani. João dos Santos, mmisionari Mreno aliyekaa Sofala, Msumbiji ya leo, mwishoni mwa karne ya 16, alisimulia kwamba kuna ndege wadogo walioingia kanisani kwake kula nta ya mishumaa, na kwamba ndege hao huwapeleka watu kwenye asali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo wasomi kadhaa waliona ni hadithi za vijijini: ndege anapiga kelele tu, mtu anatembea, mwisho wa siku nyuki wanapatikana kwa sababu wamejaa porini.

Aliyelipima jambo hili kisawasawa ni Mkenya, Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akishirikiana na mtafiti mwenzake, Heinz-Ulrich Reyer. Walifanya kazi kaskazini mwa Kenya na warina asali wa Kiborana, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1989.

Warina asali wakiwa eneo wasilolizoea, bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Kwenye jua la kaskazini ya Kenya, tofauti hiyo ni mtu kurudi nyumbani na nguvu zake au kurudi hoi.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Wazee wa Kiborana walimwambia Isack kwamba ndege huyu anawapa habari za aina tatu: nyuki wako upande gani, wako umbali gani, na wakati gani mmefika. Isack akachukua kila dai akalipima peke yake. Upande: ndege kweli anashika mwelekeo wa mzinga. Umbali: mara ya kwanza akishakuita hupotea kidogo, na akikawia kurudi, mzinga uko mbali, mkizidi kukaribia, anatua kwa vituo vifupi vifupi na kwenye matawi ya chini zaidi. Kufika: sauti inabadilika, inapoa, inakuwa na mapumziko marefu, na ndege anakaa karibu na mzinga bila kuondoka. Yote matatu yakaonekana kwenye vipimo. Wazee walikuwa wanasema kitu walichokiona kwa macho yao, vizazi na vizazi.

Halafu kuna hili la asilimia 96. Kati ya mizinga waliyoikuta, asilimia 96 ndege asingeweza kufikia masega bila mtu kufungua kwanza kwa vifaa. Kwa hiyo na yeye anamhitaji binadamu kwelikweli.

---

Fundi Saa

Mkuu, uzi mzuri, ila niruhusu nipinge kidogo. Hapo naona ndege anamwita mtu. Mtu je, anaweza kumwita ndege akaja? Maana kichwa cha uzi kinasema ndege anaitika wito. Isije ikawa mtu anapiga kelele, ndege alikuwepo tayari, tunaunganisha wenyewe.

---

Binti wa Kaskazini

Nimjibu Fundi Saa kwa upande wetu wa Marsabit. Waborana wana mluzi maalum wa kumwita, unaitwa fuulido. Mzee anapuliza kwenye ngumi mbili zilizofumbatwa pamoja, au kwenye kombe la konokono lililotobolewa, au kwenye koma, tunda la mkoma, lililochimbwa likabaki tupu ndani. Sauti yake inafika zaidi ya kilomita moja. Babu yetu alikuwa anapuliza, kisha anakaa kimya anasikiliza. Na huo utafiti wa Isack uliotajwa hapo juu ulionyesha kwamba ukitumia mluzi, nafasi ya kukutana na ndege inakuwa karibu mara mbili.

Akishakuja huwezi kumfuata kimyakimya. Unaongea naye, unagonga miti, unapiga mluzi njia nzima ili ajue bado uko naye.

---

Mpitanjia

Asante sana Binti wa Kaskazini, umenipunguzia kazi. Fundi Saa, swali lako ni halali kabisa na kuna watu walilijibu kwa namna ninayoipenda mno.

Mtafiti wa ndege, Claire Spottiswoode, alikwenda Hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wayao wa huko wanarina asali kwa msaada wa mlembe hadi leo. Wana sauti yao ya kumwita: wanatetemesha ulimi «brrrr», kisha wanamalizia na mguno mfupi, «hm». Wanaume aliowauliza walisema wamejifunza kwa baba zao.

Akafanya jaribio lenye akili. Alirekodi sauti hiyo, akarekodi pia maneno ya kawaida ya binadamu, na sauti ya ndege mwingine, aina ya tetere. Halafu wakatembea porini wakicheza sauti moja baada ya nyingine kwenye spika, katika majaribio 72. Angekuwa ndege anavutwa na kelele yoyote ya mtu, sauti zote tatu zingeleta matokeo sawa. Hazikuleta. Kwa sauti nyingine, nafasi ya kupata ndege wa kuwaongoza ilikuwa asilimia 33. Kwa ule wito wa Wayao, 66. Na nafasi ya kufika hadi kwenye mzinga ilipanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Ilichapishwa mwaka 2016.

Maana yake, ndege anatofautisha kati ya mtu anayeongea mambo yake na mtu anayesema «niko tayari, twende». Inaingia akilini. Mlembe hana sababu ya kupoteza nusu saa kumshawishi mtu aliyekwenda kukata kuni. Anamtaka mwenye shoka na nia.

---

Mtoto wa Ugalla

Mimi ni wa Sikonge, Tabora, ukoo wetu ni wa asali. Sisi tunatundika mizinga ya magome kwenye miti, lakini ukikutana na huyu ndege njiani lazima umfuate, ni kama mgeni amekubishia hodi.

Nikiwa mdogo nilikwenda porini na mjomba. Ndege akaja juu ya mninga, akaanza fujo zake. Mjomba akamwitikia kwa mluzi, akaniambia, «Usimwangalie sana yeye, angalia anakotaka kwenda.» Tukatembea, ndege anaruka, tunasimama, anarudi. Mwisho akatua kwenye mti akanyamaza. Mjomba hakukimbilia mti ule. Akaanza kuangalia miti ya jirani, akisogeza kichwa ili mashina yawe kati yake na jua, kwa sababu nyuki wakiruka kwenye mwanga wanaonekana kama cheche. Mlango ulikuwa pembeni ya shina la myombo, umepakwa weusi unaong'aa na miguu ya nyuki. Akafunga kienge cha majani mabichi na makavu, akavukiza, akapasua kwa shoka.

Baada ya kutoa asali akachukua sega lenye majana, akaliweka wazi juu ya gogo. Nikamuuliza kwa nini asitupe lile jeusi la zamani. Akasema mfanyakazi hapewi makombo. Kwetu wanasema usipompa, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka.

---

Kibuyu

Hiyo ya nyoka nimeisikia hata Singida, na wengine wanasema simba. Mleta uzi, kuna ukweli?

---

Mpitanjia

Mtoto wa Ugalla, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Hiyo ya kumweka jua nyuma ya shina sijaikuta kwenye utafiti wowote.

Kibuyu, imani hiyo ipo sehemu nyingi za Afrika. Watafiti wanaofanya kazi na Wayao kule Niassa wamekutana kweli na matukio machache ya mlembe kuwafikisha watu kwa nyoka au mnyama mwingine badala ya nyuki. Lakini maelezo wanayoona yanafaa zaidi ni kwamba ndege amekosea kukumbuka mahali. Kumbuka ana ramani ya mizinga mingi kichwani. Kulipiza kisasi ingebidi ndege ajikoseshe na yeye chakula, jambo ambalo halimfaidii. Hata hivyo naona kanuni ya wazee ilikuwa na kazi yake: ilihakikisha ndege analipwa, hata na kijana mchoyo.

Ila msidhani kila jamii inalipa. Hapa Tanzania tuna Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi. Asali kwao ni chakula muhimu, na wanapanda mibuyu mirefu kwa kugongelea vigingi vya mti kwenye shina, kimoja baada ya kingine, hadi juu. Mtafiti Brian Wood amefanya nao kazi miaka mingi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha matokeo: Mhadzabe akiwa na mlembe, kasi yake ya kupata mizinga inapanda kwa asilimia 560, na kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao chote kilipatikana kwa msaada wa ndege huyu. Hapo tunazungumzia ndege wa gramu 50 anayechangia karibu sehemu ya kumi ya mlo wa watu.

Na malipo? Wahadzabe mara nyingi wanafukia masega yaliyobaki, wanayaficha, au wanayachoma moto. Hoja yao ni kwamba ndege akishiba hataongoza tena leo. Wayao wanamwekea nta kwa heshima, Wahadzabe wanamwacha na njaa, na kwa wote wawili ushirikiano unaendelea. Mlembe ana namna ya kuokota hata vipande vilivyodondoka.

---

Fundi Saa

Sawa, nimeridhika na hilo la 2016. Sasa Wahadzabe nao wanasema «brrrr-hm»?

---

Mpitanjia

Hapo ndipo nilipokuwa napelekea uzi wote huu.

Hapana. Wahadzabe wanampigia mluzi, wimbo mfupi unaopanda na kushuka, tofauti kabisa na sauti ya Wayao. Basi Spottiswoode na Wood wakaungana kufanya jaribio la kubadilishana. Wakacheza mluzi wa Kihadzabe na wito wa Kiyao sehemu zote mbili: kwenye vilima vya Kidero huku Tanzania na kule Niassa, Msumbiji. Ndege ni wa aina ileile moja. Matokeo yalichapishwa Science mwaka 2023.

Mlembe wa Kidero alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuitika mluzi wa Kihadzabe kuliko wito wa Kiyao. Mlembe wa Niassa naye alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuitika wito wa Kiyao kuliko mluzi wa Kihadzabe. Ndege wa kila eneo wanajua desturi ya watu wa eneo lao.

Tafakarini. Sauti hizi watu wamerithishana baba kwa mwana. Na ndege, bila kufugwa, wamejifunza desturi ya majirani zao. Faida inawashika wote: mtu anayetumia sauti ya kwao anapata ndege wengi, kwa hiyo hana sababu ya kuibadilisha, ndege anayeitika sauti hiyo anapata nta, kwa hiyo hana sababu ya kuitika nyingine. Ndiyo maana sauti haibadilikibadiliki ovyo.

Pengine mtauliza kama kuna mfano mwingine duniani. Ipo, ila ni michache mno. Kule Laguna, kusini mwa Brazili, pomboo wa mwituni wanawasukumia wavuvi samaki, na wavuvi wanasubiri ishara ya pomboo ndipo warushe nyavu.

---

Kibuyu

Basi mimi nina swali moja. Kinda wa mlembe anafundishwa na mama yake?

---

Mpitanjia

Swali hilo ndilo linalonyima watu usingizi, na jibu lake lina upande wa kutisha.

Mama mlembe halei. Hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, mfano keremkerem mdogo anayechimba shimo ardhini. Akiingia kutaga, huwa anatoboa mayai ya mwenye kiota. Zaidi ya hapo, yai lake hukaa tumboni muda wa siku nzima zaidi likiwa limeshaanza kukua, kwa hiyo linaanguliwa mapema kuliko ya wenyeji.

Spottiswoode na mwenzake waliweka kamera za kuona gizani ndani ya mashimo hayo huko Zambia, wakachapisha mwaka 2012. Kinda wa mlembe anazaliwa kipofu, hana hata unyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu mbili kali, ya juu na ya chini. Makinda ya mwenye kiota yakianguliwa, anayauma na kuyatikisa gizani hadi yafe. Mengine yanakufa ndani ya dakika 9, mengine inachukua zaidi ya saa 7. Wazazi wale wanaendelea kuleta wadudu kana kwamba hakuna kilichotokea, na wakati mwingine wanamlisha muuaji akiwa amemng'ang'ania kinda wao. Baadaye kulabu zinapotea, na anatoka shimoni ndege wa kawaida kabisa.

Kwa hiyo huyu amelelewa na keremkerem, wala hajalelewa na mzazi anayejua habari za asali. Hamu ya kumwendea binadamu huenda anazaliwa nayo. Lakini sauti ya Kidero au ya Niassa hawezi kuzaliwa nayo kirahisi, maana ndege wa pande zote ni wa aina moja. Wataalamu wanaona lazima anajifunza akishakuwa mkubwa, kwa kuona sauti ipi inaleta watu wanaofungua mizinga, na pengine kwa kutazama walembe wenzake wanaokusanyika kwenye nta.

---

Binti wa Kaskazini

Na nyegere, yule mnyama mpenda asali, je? Shuleni tulifundishwa kwamba ndege huyu anamwongoza nyegere.

---

Mpitanjia

Imo kwenye vitabu vingi, ila ushahidi wake ni mdogo. Watafiti waliwauliza warina asali karibu 400 katika nchi 9 za Afrika, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Wengi mno hawajawahi kuona mlembe na nyegere wakishirikiana. Cha ajabu, waliosema wameona walikuwa zaidi wa jamii tatu za hapa Tanzania, Wahadzabe wakiwemo. Nyegere hutembea sana usiku na mlembe ni wa mchana, hiyo ni hoja ya wanaokataa. Mimi kwa jinsi nilivyoona wazee wa Kiborana walivyothibitishwa, siwezi kuwapuuza Wahadzabe.

---

Mtoto wa Ugalla

Niseme la kunihuzunisha. Vijana kwetu hawamwitikii tena. Sukari iko dukani, misitu mingine imekuwa hifadhi, ukikutwa na shoka na moto ni kesi. Ndege anakuja anapiga kelele, mtu anapita na pikipiki.

---

Mpitanjia

Ni kweli, na wanasayansi wanalisema hilo hilo: mahali ambapo watu wameacha kumfuata, ndege naye anapunguza kuongoza. Niassa inaendelea kwa sababu watu wanaishi ndani ya hifadhi na wanaruhusiwa kurina. Mimi ningependa kuona wanaopanga hifadhi zetu wanakaa na warina asali kama wako na mjomba wako, wanakubaliana namna ya kutumia moto bila kuunguza msitu. Kosa la moto linarekebishika. Mluzi ukishasahaulika na wazee wakaondoka, hakuna wa kumuuliza.

---

Kibuyu

Nipo Manyoni, pori liko jirani. Nitamtambuaje?

---

Mpitanjia

Dume mkubwa ana koo jeusi, mdomo wa waridi na doa jeupe shavuni. Jike hana koo jeusi, na kijana wake ana kifua cha manjano. Wote wakiruka, angalia mkia: pembeni kuna weupe unaoonekana wazi. Lakini usihangaike na rangi. Tembea polepole asubuhi kwenye miti mikubwa, piga mluzi, gonga shina. Akija na ile kelele ya kiberiti halafu akaruka mbele kidogo na kusubiri, ndiye. Ukimfuata uende na mtu anayejua nyuki, usiende peke yako, na maji mbebe ya kutosha.

Na wewe Mtoto wa Ugalla, kama mjomba yupo hai, tafadhali rekodi ule mluzi wake kwenye simu, utuambie na jina la kijiji.